Farasi 280 juu ya viganja vinne

Subaru Impreza WRX STI ya soko la Japani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 280, kiwango ambacho watengenezaji wa huko walikuwa wamekubaliana wasikivuke. Nguvu hizo zote, pamoja na breki zake za Brembo, hufika barabarani kupitia vipande vinne vya mpira, kila kimoja kama kiganja cha mtu mzima. Ndiyo maana hunishangaza kuona mwenye gari kama hili akimaliza miezi kuchagua eksozi na dakika kumi kuchagua matairi (eksozi haijawahi kumsimamisha mtu). Msimamo wangu ni kwamba kwa barabara zetu, iwe ni Thika Road mjini Nairobi au Barabara ya Morogoro inayotoka Dar es Salaam, tairi la gari la spidi lichaguliwe kwanza kwa jinsi linavyoshika lami iliyolowa. Ushikaji wa kona kwenye ukavu, mwonekano na muda wa kudumu vije nyuma yake.

Sababu ni kwamba kwenye lami kavu yenye joto, karibu kila tairi jipya la kampuni inayoeleweka hushika kuliko anavyohitaji dereva anayefuata sheria. Kenya inaruhusu gari dogo kilomita 110 kwa saa kwenye barabara ya njia mbili mbili, na kwa mwendo huo ukavu hautofautishi sana tairi bora na la wastani. Maji ndiyo huwatenganisha. Katika miaka ya 1960 watafiti wa NASA, waliokuwa wakichunguza ndege zinazoteleza kwenye njia zenye maji, walipata kanuni nyepesi: spidi ambayo tairi huanza kuelea juu ya maji hutegemea kipeuo cha pili cha upepo uliomo ndani. Kwa PSI 32 kanuni hiyo inatoa kama kilomita 94 kwa saa. Upepo ukishuka hadi 24, inatoa kama 82. Ni kweli ilitokana na matairi ya ndege, na huchukulia kwamba maji ni mengi kuliko mifereji ya tairi inavyoweza kuyatoa, kwa hiyo tairi jipya lenye mifereji mirefu lina nafuu. Lakini nafuu hiyo hupungua kwa kila milimita inayolika, na vile vinundu vidogo vilivyomo ndani ya mifereji, vinavyokuonyesha kwamba tairi limekwisha, vina kimo cha milimita 1.6 tu. Kimsingi tairi linaanza kukutupa kwenye mvua za masika kabla halijafika hapo. Na tairi pana zaidi huelea mapema, kwa kuwa maji yana safari ndefu kutoka katikati hadi pembeni. Anayevisha 245 gari lililosanifiwa kwa 225 anapaswa kujua kwamba anauza usalama wa Aprili ili anunue sura ya Januari.

Kabla ya kununua chochote, kagua matairi yaliyokuja na gari. Magari mengi yanayoshuka bandarini Mombasa na Dar es Salaam kutoka minada ya Japani huja yamevaa matairi ya theluji yenye meno bado marefu, na mnunuzi hujiona mwenye bahati. Soma ubavuni: ukikuta neno STUDLESS, au mchoro wa chembe ya theluji ndani ya mlima, au majina kama Blizzak ya Bridgestone na iceGuard ya Yokohama, ujue mpira huo umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi ya kugandisha maji. Meno yake yamechanjwa chale nyingi nyembamba ili yang'ate barafu. Kwenye lami ya Dar saa nane mchana meno hayo huyumba, usukani hujibu kwa kuchelewa, na mpira huisha upesi. Mvua ikinyesha hali haiwi bora, kwa sababu mvua yetu ni ya uvuguvugu, haina barafu ya kung'atwa. Tairi kipara halina siri, hata trafiki hulitambua akiwa mbali. Hili la theluji ndilo hudanganya.

Sasa tusome maandishi. Tairi la 225/45R17 91W lina upana wa milimita 225, ubavu wenye kimo cha asilimia 45 ya upana huo, na linaingia kwenye rimu ya inchi 17. Namba 91 ni uwezo wa kubeba kilo 615, na W ni spidi ya hadi kilomita 270 kwa saa. Hapa huja swali la haki: kama sheria inanifungia 110, nilipie W ya nini? Jibu langu ni kwamba herufi hiyo haikupi ruhusa ya kukimbia. Inapima joto ambalo mwili wa tairi unaweza kulihimili, na huku kwetu joto lina vyanzo vingi: lami yenyewe, mzigo wa safari ya sikukuu, na upepo uliopungua bila mwenye gari kujua. Shusha herufi mpaka ya chini kabisa na umeitupa akiba hiyo. Hata hivyo W haikuahidi kushika maji. Yapo matairi ya bei ya chini yenye W ambayo kwenye mvua hayafai. Kwa hilo tafuta lebo. Umoja wa Ulaya hupanga ushikaji wa lami yenye maji kwa herufi A hadi E tangu Mei 2021, na Wajapani wana daraja zao, a hadi d. Hata kama tairi la dukani Kariakoo halina karatasi hiyo, alama zake mara nyingi zinapatikana kwenye intaneti. Hakikisha tu umetafuta jina kamili na saizi kamili, maana modeli moja inaweza kupata A kwenye saizi hii na B kwenye nyingine. Ile namba ya Kimarekani ya kudumu kwa tairi, treadwear, usiipe uzito mkubwa. Kila kampuni hujipangia yenyewe kutokana na majaribio yake, kwa hiyo 400 ya huyu haifanani na 400 ya yule. Inafaa kulinganisha ndugu wa kampuni moja tu, na hapo kumbuka kwamba namba ikipanda sana mara nyingi mpira ni mgumu zaidi.

Kuhusu rimu nitakuwa mkali kidogo. Ubavu wa 225/45R17 una milimita 101. Ukipanda 225/40R18 unabaki na 90, na kwenye 225/35R19 unabaki na 79. Mzunguko wa gurudumu zima haubadiliki sana, ndiyo maana dashibodi hailalamiki. Kilichotoweka ni mpira uliokuwa ukitenganisha rimu na shimo. Wanaotetea rimu kubwa husema ubavu mfupi hufanya usukani ujibu haraka, na wako sahihi, kwenye uwanja wa mashindano uliosawazishwa. Barabarani kwetu kuna matuta yasiyopakwa rangi na viraka juu ya viraka, na gurudumu linalorukaruka halishiki kitu wakati liko hewani. Mwenye WRX ya kawaida anaweza hata kushuka hadi 205/55R16 na kupata ubavu wa milimita 113. Mwenye STI hana njia hiyo, kwa sababu kalipa za Brembo haziingii ndani ya rimu ya 16. Abaki na 17 ya kiwandani na atafute lililoimarishwa, lenye alama XL na namba 94, akikumbuka kuliongeza upepo kidogo ili libebe ipasavyo.

Wapo watakaoniuliza juu ya matairi ya nusu mashindano, yale yenye mifereji michache. Ni matamu kwenye uwanja, lakini yanataka yapashwe moto ndipo yashike, na ile mifereji yao mifupi ndiyo kasoro niliyoieleza hapo juu. Weka seti ya pili ya rimu kwa ajili ya siku hiyo ya uwanja.

Pingamizi zito kuliko yote ni bei, na silidharau. Seti ya matairi mazuri ni pesa nyingi, na mtumba uko pale kwa sehemu ndogo ya gharama. Lakini Subaru inaendesha magurudumu yote manne, na kampuni yenyewe nchini Marekani inashauri mizunguko ya matairi isitofautiane zaidi ya robo inchi. Piga hesabu: hiyo ni tofauti ya milimita moja tu ya mpira uliolika. Ukichanganya mtumba mmoja hapa na mwingine pale, magurudumu yanazunguka kwa mwendo usiolingana kila mita ya safari, na difu ya kati ndiyo inayobeba mzozo huo. Ikifa, bei yake itakufanya uyaone matairi mapya kuwa rahisi. Kama pesa haitoshi, ningechagua matairi manne mapya ya daraja la kati yenye lebo nzuri ya maji kuliko mawili ya kifahari na mawili ya kubahatisha.

Ukiwa dukani, geuza kila tairi utafute tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT: 2324 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2024. Mpira huzeeka hata ukiwa rafuni, na ukianikwa juani mbele ya duka huzeeka upesi zaidi. Yakiwa na zaidi ya miaka mitatu, mwambie muuzaji akuletee mengine, au uende duka la jirani.