Dondoo muhimu: Jino linauma na bumu (fedha ya mkopo ya kujikimu) limekwisha

Mwanafunzi wa chuo Dar es Salaam anaweza kutibiwa meno bila kuingia madeni, mradi asingoje mpaka akose usingizi.

1. Nenda mapema, jino linapoanza kusisimka kwa maji baridi. Tundu dogo huzibwa mara moja. Uozo ukifika kwenye mzizi utarudi kliniki mara kadhaa, na bei itapanda.
2. Anzia zahanati ya chuo na uulize kama bima yako inadai barua ya rufaa.
3. Kabla ya kuketi kwenye kiti cha daktari, uliza kadi ya bima inalipia nini na kipi kitatoka mfukoni: kumwona daktari, eksirei, kuziba.
4. Ulizia kliniki ya meno ya chuo kikuu cha afya cha Muhimbili (MUHAS), Upanga, ambako wanafunzi wa udaktari wa meno hutibu wakisimamiwa na walimu wao. Kazi huenda polepole kwa kuwa kila hatua hukaguliwa, kwa hiyo usiende siku yenye kipindi.
5. Hospitali za Amana, Temeke na Mwananyamala nazo zinatibu meno. Wahi asubuhi.
6. Usibandike aspirini kwenye fizi. Inaunguza nyama na jino linabaki bovu.
7. Usinunue antibayotiki nusu dozi. Haizibi tundu.
8. Usikubali kung'oa jino linalozibika eti kwa kuwa ni nafuu leo. Jino la bandia ni ghali zaidi.
9. Shavu likivimba ukawa na homa, au ukashindwa kumeza, kimbilia hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku.