Maji Moto Yasipochoma: Kiharusi Kisichoondoa Nguvu

Umeamka asubuhi na kuingia bafuni kuoga. Maji ya beseni moja yanauchoma mkono wako wa kushoto, lakini ule wa kulia unayahisi kana kwamba si moto. Unajigusa usoni: upande wa kushoto umekufa ganzi. Hata hivyo, mikono yote ina nguvu. Je, umepatwa na nini?

Usidhani ni uchovu tu. Huenda hiki ni kiharusi cha shina la ubongo, sehemu iliyo kisogoni inayounganisha ubongo na uti wa mgongo. Adolf Wallenberg, daktari Mjerumani, aliieleza aina hii mwaka wa 1895.

Kwa nini hutokea hivyo?

Mshipa unaopeleka damu ubavuni mwa shina hilo huziba. Neva za maumivu na joto kutoka mwilini huwa zimekwisha kuvukia upande wa pili kabla ya kufika hapo. Zile za usoni huwa bado hazijavuka. Ndiyo sababu pigo la upande wa kushoto hutia ganzi uso kushoto na mwili kulia. Neva za nguvu na za mguso hupita kwingine. Kwa hivyo mkono hushika kikombe vizuri bila kujua kwamba kinaunguza.

Dalili nyingine

Kizunguzungu kikali, kutapika, kuyumba, kwikwi isiyokoma, sauti kukwaruza, kushindwa kumeza, na ukope mmoja kulegea.

Ufanye nini?

Kimbilia hospitali mara moja. Mweleze daktari saa dalili zilipoanza, kwani dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa kabla ya saa nne na nusu kupita. Usile wala kunywa hadi upimwe kumeza, maana chakula chaweza kuingia mapafuni. Picha ya CT huenda isionyeshe kiharusi hiki mapema. Ile ya MRI huonyesha vizuri zaidi.

Ukirudi nyumbani, pima maji ya kuoga kwa mkono ulio mzima, na ujihadhari na jiko na pasi. Wengine huungua bila kujua.

Nawe uliye mzima, pimwa shinikizo la damu na kisukari, na uache sigara. Kumbuka: si kila kiharusi hupoozesha.