Kati ya Wangapi? Somo la Takwimu kwa Mfanyakazi



Katika mikutano ya kujadili hali ya kazi, upande wa mwajiri huja na karatasi iliyojaa tarakimu, nasi huja na malalamiko. Malalamiko yetu ni ya kweli, lakini karatasi ile ndiyo inayoingia katika kumbukumbu za mkutano. Kwa sababu hiyo tumetenga ukurasa huu kwa somo la takwimu na uwezekano. Hesabu inayotakiwa ni ya kujumlisha, kugawanya na kuzidisha, ambayo kila mmoja wetu huifanya anapobadilisha shilingi za Kenya kwa za Uganda pale Busia au Malaba.

Tuanze na ajali. Tororo ni mji wa saruji tangu miaka ya 1950, basi tuchukue mfano wa mifuko ya saruji. Tarakimu ni za kubuni, wala si za kiwanda chochote. Katika mwaka mmoja kitengo cha kupakia mifuko kimepata ajali 12, na karakana imepata ajali 6. Msimamizi asema: wapakiaji ni wazembe, ajali zao ni mara mbili ya zile za karakana. Jibu letu liwe swali: kati ya wangapi? Wapakiaji ni 120, na mafundi wa karakana ni 30. Kumi na mbili kati ya 120 ni 10 kwa mia. Sita kati ya 30 ni 20 kwa mia. Hatari kubwa iko karakana, na huko ndiko fedha za vifaa vya kinga zinakopaswa kuanzia.

Tusiishie hapo. Tuulize pia ni nani waliohesabiwa. Ikiwa miongoni mwa wapakiaji 120 wamo vibarua 40 wa siku kwa siku, na kibarua akiumia hupewa nauli na kurudishwa kwao bila jina lake kuandikwa katika daftari la ajali, basi vibarua wamehesabiwa kwenye idadi ya watu lakini hawamo kwenye idadi ya majeruhi. Zile ajali 12 ni za watu 80 walioajiriwa, yaani 15 kwa mia. Za vibarua hazijulikani. Katika mashamba ya miwa, ambako vibarua wa kukata ni wengi, jambo hili ni zito zaidi. Mwakilishi wa wafanyakazi asiyekuwa na daftari lake mwenyewe, lenye tarehe, zamu na aina ya jeraha, hataweza kulithibitisha mbele ya mkaguzi wa kazi.

Swali la pili ni hili: tukilinganisha na nani? Mfano mzuri tunao papa hapa mpakani. Kuanzia mwaka 1998 shirika moja la misaada liligawa dawa za minyoo na kichocho katika shule 75 za msingi za wilaya ya Busia, upande wa Kenya, sehemu za Funyula na Budalangi. Wanafunzi walikuwa zaidi ya 30,000. Shirika halikuwa na uwezo wa kuzianza shule zote kwa pamoja. Majina ya shule yakapangwa katika orodha, yakahesabiwa moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu, mpaka yakapatikana makundi matatu ya shule 25. Kundi la kwanza lilianza kupewa dawa 1998, la pili 1999, na la tatu 2001.

Mtu aweza kuona huo ni mchezo wa watoto, lakini hapo ndipo penye akili. Hakuna mkubwa aliyechagulia kwanza shule ya kijiji chake, wala hazikutangulizwa zile zilizo karibu na barabara. Hivyo makundi yalifanana kwa jumla, na kundi lililosubiri likawa kipimo cha lile lililotangulia. Kama shule zilizopewa dawa zingetazamwa peke yake, kabla na baada, watu wangepotoka. Mwisho wa 1997 na mwanzo wa 1998 zilinyesha mvua kubwa za El Niño, na minyoo hustawi penye udongo wenye unyevu. Katika mwaka kama huo dawa nzuri ingeweza kuonekana haifai kitu.

Wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walilinganisha makundi hayo, na mwaka 2004 wakaandika kwamba kukosa shule kulipungua kwa kiasi cha robo. Kremer alikuwa mmoja wa watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Kabla ya hapo, mwaka 2015, wataalamu wengine walikuwa wameirudia hesabu ile kwa tarakimu zile zile na kukuta makosa, hasa katika madai juu ya faida iliyofika shule za jirani. Ugomvi wao hatuuingilii. Linalotuhusu ni kwamba ubishi uliwezekana kwa sababu wenye hesabu walizitoa tarakimu zao zikaguliwe. Mwajiri akisema mashine mpya imepunguza ajali, tumwombe daftari, na tutazame kitengo ambacho hakikupata mashine hiyo. Huenda kazi yenyewe ilipungua mwaka ule.

Sasa uwezekano. Tuseme mashine isiyo na kinga humjeruhi mtu mmoja katika kila zamu 1,000. Wengi husema elfu moja ni mbali. Lakini mfanyakazi huingia zamu 300 kwa mwaka. Uwezekano wa kutoka salama zamu moja ni 999 kwa 1,000, na kutoka salama mwaka mzima ni kuizidisha tarakimu hiyo yenyewe kwa yenyewe mara 300. Simu yenye kikokotoo itakuonyesha: karibu 74 kwa mia. Yaani kati ya wafanyakazi 100 wa mashine za namna hiyo, 26 hivi wataumia kabla ya mwaka kwisha. Kwa miaka mitatu ni 59 hivi.

Kanuni hiyo hiyo yapima mkeka wa kubeti, unaokula mishahara ya vijana wetu. Mechi 10, hata kila moja ikiwa nusu kwa nusu, ni mkeka mmoja kati ya 1,024 unaoshinda. Iko 10 inayokosa kwa mechi moja tu, na hiyo ndiyo tunayosimuliwa kila Jumatatu.

Zoezi kwa vikundi vya masomo. Shamba lina watu 10. Wanane hulipwa shilingi 12,000 za Kenya kwa mwezi, karani 24,000, na meneja 180,000. Mwajiri atangaza kwamba wastani wa mshahara ni 30,000. Je, amesema uongo? Wapangeni wote kwa mstari kutoka mshahara mdogo hadi mkubwa: wa katikati anapata ngapi? Kisha meneja aongezwe 60,000, wengine wasiongezwe kitu. Wastani utakuwa umepanda kwa asilimia ngapi?