Kuwasha gari kwa rimoti: kabla hujamlipa fundi

Usiku wa kawaida wa Januari mjini Winnipeg baridi hufika nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri, na baridi ya Fargo na Minneapolis nayo ni kali. Mtu anayetoka zamu ya usiku hulikuta gari limefunikwa barafu, kioo cha mbele hakionyeshi kitu na usukani haushikiki bila glavu. Wengi waliohamia huko kutoka Kigoma, Uvira au Mombasa huanza kuuliza swali moja kabla majira ya baridi ya kwanza hayajaisha: nifunge kile kifaa cha kuliwasha gari kwa rimoti nikiwa bado ndani?

Kwa gari la otomatiki linalolala nje, mimi nasema funga. Ila ujue unachonunua. Kifaa chenyewe ni kisanduku kidogo kinachofichwa chini ya dashibodi, na tofauti kati ya kisanduku kimoja na kingine si kubwa kama wauzaji wanavyodai. Pesa yako hasa inalipia mikono ya mtu atakayekata na kuunga nyaya za gari lako.

Kwanza tuondoe imani moja. Watu husema injini lazima iungurume robo saa kabla ya kuondoka. Hilo lilikuwa kweli enzi za kabureta. Injini za leo hutiwa mafuta kwa kompyuta, na zikiwekewa oili nyepesi iliyoandikwa 0W au 5W, nusu dakika hivi inatosha kuanza safari, mradi uendeshe taratibu dakika chache za mwanzo. Gari linapata joto haraka likitembea kuliko likisimama. Rimoti, basi, ni kwa ajili yako na kioo chako. Si jambo dogo: kuendesha ukichungulia kwenye tundu ulilokwangua kioo kizima kikiwa cheupe ni hatari, na polisi anaweza kukusimamisha kwa hilo.

Pia kifaa hiki hakiongezi nguvu ya betri. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, betri hubaki na nusu hivi ya nguvu iliyokuwa nayo kiangazi, au pungufu, na wakati huohuo oili imekuwa nzito, kwa hiyo stata inadai umeme mwingi zaidi. Betri iliyokuwa ikisuasua Oktoba, Januari haitaliwasha gari hata kwa dua. Maduka mengi ya vipuri Marekani hupima betri bure. Nenda kabla ya kufikiria rimoti. Ukinunua mpya, tazama namba iliyo kando ya herufi CCA. Inaonyesha ampea ambazo betri inaweza kutoa kwa sekunde 30 kwenye baridi hiyohiyo ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Usishuke chini ya namba iliyopendekezwa na mtengenezaji wa gari.

Jambo jingine la kuangalia kabla ya kutoa pesa: huenda unayo tayari. Magari mengi ya miaka ya karibuni yametoka kiwandani na uwezo huu, na mwenye gari la mtumba hajui kwa sababu hakupewa kitabu. Tafuta kitufe chenye alama ya mshale wa mviringo kwenye ufunguo. Kwa baadhi ya magari huduma hiyo iko kwenye programu ya simu na hulipiwa kila mwezi au kila mwaka, na hapo ni wewe kupiga hesabu kama inakufaa kuliko kufunga chako.

Sasa tuingie chini ya dashibodi. Ili gari liwake bila mkono wako, kisanduku kinapaswa kufanya kila ambacho ufunguo hufanya: kuwasha umeme wa injini, kuupa umeme mfumo wa joto, kisha kuizungusha stata na kujua lini kiiachie. Nyaya hizo zinabeba umeme mwingi. Fundi mvivu hubana waya kwa vile vibanio vya plastiki vyenye meno, vinavyotoboa ganda na kugusa shaba. Siku ya kwanza vinafanya kazi vizuri. Mwaka wa pili, baada ya mitikisiko na unyevu, muungano unalegea, unapata moto, na gari linaanza kuzimika njiani bila sababu inayoonekana. Fundi mzuri huchuna ganda, husokota waya, huuchoma kwa risasi, hufunga kwa tepu ya nguo na kuukaza pamoja na nyaya nyingine usining'inie karibu na pedali. Ukimuuliza anaungaje waya na akakasirika, ondoka.

Kisha kuna kinga ya wizi. Ufunguo wa kisasa una chipu, na kompyuta ya gari isipoisoma injini haiwaki. Kanada iliifanya kinga hii kuwa lazima kwa magari mapya kuanzia Septemba 2007. Kifaa cha rimoti kinahitaji moduli ya pili inayozungumza na kompyuta hiyo, na moduli lazima ilingane na aina na mwaka wa gari lako. Fundi wa bei rahisi hutafuta njia ya mkato: anakuomba ufunguo wa akiba, anaufunga ndani ya dashibodi. Ukikubali, umelala na ufunguo ndani ya gari, na siku likiibiwa utakuwa na maelezo marefu ya kutoa kwa watu wa bima.

Bei hubadilika, lakini kwa kazi safi Marekani tegemea kuanzia dola mia mbili na kitu hadi mia tano au zaidi, kutegemea gari na rimoti. Uliza kama moduli imo ndani ya bei hiyo, maana ndipo watu wanapokuja kushangazwa kaunta. Uliza kama fundi ana cheti cha MECP, kinachotolewa kwa wafungaji wa vifaa vya umeme vya magari. Na dhamana ya kazi iandikwe kwenye risiti. Ndugu wa rafiki yako anayefunga redio uwanjani kwake kwa bei ya chakula cha jioni ni mtu mwema, lakini mwachie redio.

Utasikia pia kwamba kufunga kifaa cha nje kunaua waranti ya gari. Marekani sheria ya mwaka 1975 iitwayo Magnuson-Moss hairuhusu jambo hilo kirahisi hivyo: mtengenezaji hawezi kukataa kulitengeneza gari kwa sababu tu limefungwa kifaa cha kampuni nyingine, isipokuwa kifaa hicho au ufungaji wake ndio ulioleta uharibifu. Ndiyo maana ufungaji mbovu ni ghali mara mbili. Gari la kukodi kwa mkataba wa miaka ni habari nyingine. Omba ruhusa kwanza.

Wenye gari la gia za kubadilisha kwa mkono wafikiri mara mbili. Likiachwa ndani ya gia, stata italisukuma gari zima mbele, na wewe uko jikoni. Vipo vifaa vya magari hayo vinavyokulazimisha kufuata utaratibu wa kuliacha huru kila unaposhuka, lakini mafundi wengi hukataa kazi hiyo na siwalaumu.

Kwenye rimoti, chukua ile inayokujibu kama mfuko unaruhusu. Ya kawaida inatuma amri tu, na ukiwa ghorofa ya nne hujui kama gari limesikia. Inayojibu hulia au huonyesha taa kwamba injini imewaka. Umbali ulioandikwa kwenye boksi umepimwa uwanja wazi. Zege na chuma vya jengo lako vitaupunguza sana.

Matumizi huanza jana yake usiku. Kabla ya kuzima gari, weka joto juu kabisa, elekeza upepo kwenye kioo cha mbele, washa joto la kioo cha nyuma, na hakikisha waipa zimezimwa. Waipa zilizoachwa zikiwa zimewashwa huku zimegandia kioo zinaweza kuunguza mota yake au kuunguza fyuzi. Asubuhi bonyeza, subiri dakika tano hadi kumi, shuka. Ukiingia, ingiza ufunguo na uuzungushe hadi usawa wa kuendesha tu, usifike kwenye stata maana injini tayari inanguruma. Ndipo ukanyage breki na kuingiza gia. Ukikanyaga breki kabla ya hapo gari litazima, na hiyo ni kinga dhidi ya mwizi, si ubovu. Kwa gari la kitufe utaratibu hutofautiana, kwa hiyo fundi akuonyeshe mbele ya macho yako, na mwenzako wa nyumbani awepo.

Sehemu ninayoomba isomwe na kila mtu ni hii. Moshi wa gari una hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Usiwashe gari kwa rimoti likiwa ndani ya gereji, hata mlango ukiwa wazi, hasa gereji iliyoshikana na nyumba. Kitufe kinaweza kubonyezwa na mtoto au kwa bahati mbaya mfukoni; kama gari hulala gerejini, kifaa hiki hakikufai. Theluji ikianguka usiku, shuka ufukue eksozi kabla ya kuwasha, kwa kuwa ikizibwa moshi hurudi ndani ya gari. Usiwaache watoto ndani ya gari lililowashwa hivyo. Na nyumbani weka king'ora cha kugundua hewa hiyo.

Kuna faida moja ya rimoti ambayo polisi nao wanaijua. Kuliacha gari likinguruma na ufunguo ndani ni kosa katika miji mingi, kwa sababu wezi huzunguka asubuhi za baridi kutafuta magari ya namna hiyo. Colorado ilirekebisha sheria yake ili kuwaruhusu wanaotumia rimoti, kwani milango inabaki imefungwa. Miji mingine ina kikomo cha dakika za kuunguruma bila kutembea, hivyo ulizia mtaani kwako.

Kwa walio Manitoba, Saskatchewan au Alaska, zingatieni kwanza hita ya injini, ile inayochomekwa kwenye umeme. Hupasha maji ya injini, na saa mbili hadi nne kabla ya kuondoka zinatosha. Soketi yenye saa itaiwasha yenyewe alfajiri. Rimoti haiwezi kuokoa injini iliyoganda kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri, lakini vikitumika pamoja gari huwaka bila kugugumia.

Baada ya majira mawili matatu, kifaa kikigoma, anzia kwenye boneti. Kuna swichi ndogo pale inayozuia injini kuwaka boneti ikiwa wazi, na chumvi ya barabarani huila kwa kutu. Mara nyingi ubovu ni huo, na swichi si ghali. Na kila unapolipeleka gari gereji, weka kifaa kwenye hali ya kujizuia ambayo fundi alikuonyesha, umwambie na atakayelihudumia, kabla hajaingiza mikono karibu na mikanda na feni.