Usimngoje Aseme

Mdogo wangu wa Mjambere, ujumbe wako nimeusoma. Mwanao ana miaka mitatu na nusu, hasemi, ukimwita hageuki, lakini biskuti ikifunguliwa chumba cha pili aisikia. Mama mkwe akwambia watoto wa kiume huchelewa, hata baba yake alichelewa. Nawe waniuliza umngoje mpaka lini.

Usimngoje tena.

Simsemi mama mkwe vibaya. Wako watoto wanaochelewa, kisha ulimi ukafunguka. Lakini mtoto aliyechelewa maneno tu huzungumza kwa njia nyingine: akiona paka hukuonyesha kwa kidole, kisha hukutazama usoni ajue kama nawe umemwona. Asipofanya hivyo, akapoteza hata yale maneno mawili matatu aliyokuwa nayo, akashinda anazungusha kifuniko cha chupa, akaziba masikio blenda ikiwashwa, basi apimwe. Huenda ni usonji, yaani autism, huenda ni masikio, huenda ni jingine. Na mtoto hupimwa hata kama hajasema neno.

Nikueleze miaka inapopotelea. Chanjo ya pili ya surua hapa Kenya hutolewa mtoto akiwa na miezi 18. Baada ya hapo, mama mwenye mtoto asiyeumwa hana kubwa la kumrudisha kliniki, ila vitamini A na dawa ya minyoo. Na ni katika umri huohuo dalili za usonji huanza kuonekana wazi! Muuguzi hamwoni tena, na wa kwanza kushtuka huwa ni mwalimu wa nasari au wa madrasa, ambaye naye aweza kudhani ni utundu. Kile kijitabu cha mama na mtoto ulichopewa kliniki kina ukurasa wa hatua za ukuaji. Ni nadra mtu kukufungulia ukurasa ule, basi ufungue mwenyewe leo.

Umenigusia na habari ya pepo. Joseph Gona na wenzake, watafiti wa Kilifi, waliwauliza wazazi na wataalamu wa Kilifi na Mombasa usonji waletwa na nini. Majibu waliyoyachapisha 2015 yalitaja pepo, uchawi na laana, pamoja na matatizo ya uzazi na maradhi. Na tiba zilizotajwa ni za mganga na za hospitali pia. Kwa hivyo huko peke yako. Mwombee mwanao, asomewe. Dua haigombani na daktari. Ninalolikataa ni kombe na hirizi miezi na miezi, hospitali ikaja mwisho, pesa zimekwisha.

Na anayekwambia wewe ndiwe uliyemharibu mtoto, usimsikize. Hata Marekani kuna wakati wataalamu wenye majina makubwa waliwalaumu akina mama kwamba hawakuwapenda watoto wao. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji, alitoa kitabu kuwapinga: usonji ni jambo la maumbile ya ubongo. Leo yajulikana kuwa urithi una sehemu kubwa, na waweza kutoka upande wowote.

Sasa, ukienda zahanati usiseme "hasemi" pekee, maana utaambiwa umpe muda. Mrekodi kwa simu akicheza na unapomwita. Sema haitikii jina lake, haonyeshi kwa kidole, nataka apimwe masikio na ukuaji. Omba barua ya rufaa hadi Hospitali Kuu ya Pwani, ile twaiita Makadara. Wakati huohuo uliza ofisi ya elimu Kisauni kituo cha asesimenti kiko wapi. Ni vituo vya serikali, vilianza 1984, kazi yao ni kuwapima watoto wenye mahitaji maalum na kuwaelekeza shule iwafaayo. Usingoje kimoja kiishe ndipo uanze kingine, na baba yake aje nawe asikie kwa masikio yake.

Nyumbani nako usikae bure ukingoja tarehe. Akikuvuta mkono hadi kwenye mtungi, chuchumaa uwe sawa na uso wake, inua kikombe, sema "maji", ngoja kidogo akutazame, kisha mpe. Asipokutazama, mpe vivyo hivyo, na akitaka tena, rudia.