Kumfundisha Mbwa: Tuzo na Adhabu

Watu wengi hufuga mbwa wa kulinda nyumba, lakini ni wachache wanaomfundisha. Humfunga mchana kutwa, humpiga akosapo, kisha hushangaa kuona kwamba akiitwa hukimbia.

Kwa mwalimu wa mbwa, tuzo na adhabu ni njia mbili za kumwambia mnyama asiyejua maneno, "Ndiyo, hili," au "La, si hili." Lililo kubwa ni wakati wake. Mbwa huunganisha tuzo au adhabu na tendo analolitenda saa ile ile, wala si na lile lililokwisha pita. Tuseme mbwa ameua kuku asubuhi. Mwenyewe arudi shambani adhuhuri, aona manyoya, amwita mbwa. Mbwa aja, apigwa. Mtu huyo adhani amemkataza kuku, kumbe amemfundisha kwamba kuitika mwito kwaleta fimbo. Siku atakapomwita aache kumfukuza mtoto wa jirani, mbwa hatakuja. Wengine husema kwamba mbwa alijua kosa lake, maana alilaza masikio na kufyata mkia. Alichokiona ni uso wa bwana wake uliokunjamana, basi.

Huko Ujerumani, ofisa wa polisi aitwaye Konrad Most alianza kufundisha mbwa wa polisi mwaka 1906 katika mji wa Saarbrücken, na mwaka 1910 akatoa kitabu juu ya kazi hiyo. Alisisitiza kwamba malipo yafuate tendo mara moja. Adhabu zake, hata hivyo, zilikuwa kali kuliko zikubaliwazo na walimu wengi wa leo. Hao huanza na tuzo, kwa kuwa adhabu husema "acha" lakini haionyeshi la kufanya. Tena mbwa apigwaye kila angurumapo huacha kunguruma, akauma pasipo kuonya.

Ili kufundisha neno "Njoo", mbwa afungwe kamba ndefu shingoni kabla ya kula. Aitwe mara moja, avutwe polepole, na afikapo apewe papo hapo kipande cha nyama kisichozidi punje ya haragwe. Dakika tano zatosha, mara mbili kwa siku. Watu wote wa nyumbani watumie neno lile lile. Akisha kujua, apewe mara apewe mara asipewe. Tumaini humfanya atii zaidi.

Adhabu nayo ina mahali pake. Mbwa mwenye kufukuza kuku apitishwe karibu nao kwa kamba. Akianza tu kuwarukia, kamba izuiwe na aambiwe "La!" kwa sauti thabiti, si ya hasira. Mara ageukapo kumtazama bwana wake, apewe nyama. Arukiaye watu kwa furaha ageuziwe mgongo mpaka atulie.

Mbwa mzima aliyezoea fimbo aweza kufundishwa pia, ila kwa majuma mengi. Huyo asiitwe kamwe kwa jambo asilolipenda: akitakiwa kuoshwa au kufungwa, mwenyewe na amwendee alipo.