Kuhani Alianza na Nyumba Yake



Mwezi huu nawaomba mchukue Biblia zenu mfungue Kitabu cha Walawi, sura ya 16. Najua wengi hamkipendi kitabu hiki. Kimejaa damu na mafuta ya wanyama, na msomaji huchoka kabla hajafika katikati. Lakini sisi wa Kalemng'orok, ambao mbuzi ndiye benki yetu na ndiye mahari yetu, hatupaswi kushindwa nacho.

Ndugu zetu Wayahudi wameigawa Torati, yaani vile vitabu vitano vya Musa, katika mafungu 54. Kila Sabato husomwa fungu lake, na baada ya mwaka mmoja vitabu vyote vimekwisha, nao huanza tena. Ni kama sisi katika Jumuiya Ndogo Ndogo tunavyoisoma Injili ya Jumapili ijayo, isipokuwa mzunguko wetu wa masomo ya Jumapili ni wa miaka mitatu. Wala msidhani haya ni mambo ya Yerusalemu tu. Karibu na Mbale, hapo Uganda, wako Waafrika waitwao Abayudaya, ambao jumuiya yao ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Nairobi nako kuna sinagogi. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, ulitukumbusha kwamba Agano la Kale tulilipokea kwa njia ya watu hawa. Basi tusione haya kujifunza kwao.

Fungu ninalolitaka leo linaitwa Aharei Mot, maana yake "baada ya kifo". Kifo kipi? Rudini nyuma hadi sura ya 10. Nadabu na Abihu, wana wawili wa Aroni, walikufa siku moja mbele za Bwana. Biblia inasema baba yao alinyamaza, basi. Halafu katika sura ya 16 Mungu anatoa maagizo ya Siku ya Upatanisho, ambayo Wayahudi huiita Yom Kippur na kuiadhimisha kila Septemba au Oktoba kwa kufunga, bila kula wala kunywa. Na anayeagizwa kuiongoza siku hiyo ni yule yule baba aliyefiwa.

Tazameni utaratibu wake. Kuna mbuzi wawili kwa ajili ya watu. Mmoja anachinjwa, na mwingine anabebeshwa dhambi za Israeli na kupelekwa jangwani. Hao ndio ambao wahubiri huwataja sana. Lakini kabla ya mbuzi yuko ng'ombe dume, na huyo si wa watu. Ni wa Aroni mwenyewe pamoja na nyumba yake (mstari wa 6, tena 11, tena 17). Kuhani haruhusiwi kuwaombea wengine kabla hajajiombea yeye na nyumba yake.

"Nyumba" hapa ni nini? Walimu wa Kiyahudi, katika Mishna iliyokusanywa mnamo mwaka 200 B.K., wanajibu kwa ufupi sana: nyumba yake ni mke wake. Kwa maelezo yao, kuhani mkuu asiye na mke hakuweza kuongoza ibada ya siku hiyo. (Padre wetu asome hapa bila wasiwasi, nazungumza na wenye ndoa.) Nasi twajua maana hiyo. Mwanamume mwenye wake wawili husema ana nyumba mbili, na anayetembea nje tunasema ana nyumba ndogo. Hata mzee wa heshima akisema "nyumba yangu inaumwa", hatuendi kutazama paa.

Sasa niwaeleze kwa nini sura hii hunisumbua. Naandika kwa ruhusa ya mama watoto.

Mwaka 2011, ule wa ukame mkubwa, nilikwenda Lodwar kwenye semina ya makatekista ya siku nne. Kabla ya kuondoka niliuza beberu, nikatia fedha zote mfukoni nikaondoka nazo. Usiku wa pili mtoto wetu wa tatu akashikwa na homa. Mama yake hakuwa na hata nauli. Alingoja mpaka asubuhi apate wa kumkopesha, na alipofika kwenye zahanati, wakati ulikuwa umepita.

Ndugu zangu walikaa chini ya mti wakasema mwanamke huyu alikaa na mtoto mgonjwa usiku kucha bila kufanya kitu. Mimi nilikuwepo pale. Nilijua sababu ya kukaa kwake, maana sababu ilikuwa mfukoni mwangu. Nikanyamaza. Aroni alinyamaza kwa uchungu. Mimi nilikuwa naogopa tu.

Mama watoto aliziweka shanga zake kando, wala hakuzivaa tena. Tulilima pamoja, tulikula pamoja, kila Jumapili ambayo padre hakufika niliongoza ibada naye akiwa ameketi upande wa akina mama. Hatukugombana hata siku moja. Jirani alitusifu kwa amani yetu.

Kwaresima ya mwaka 2013 nikaenda kuungama. Nilitoka nikiwa mwepesi kama unyoya. Nilipofika nyumbani nikamkuta anachambua mtama, na uso wake ni ule ule. Hapo nikatambua kwamba yeye hakuwa ameambiwa neno lolote.

Mishna ile ile yasema Siku ya Upatanisho huondoa makosa ya mtu kwa Mungu, lakini kosa la mtu kwa mwenzake haliondolewi mpaka amtulize mwenzake. Na Kanisa letu lafundisha vivyo hivyo. Katekisimu, namba 1459, inaeleza kwamba ondoleo hufuta dhambi, lakini madhara yaliyotokana nayo mwenye kosa hana budi kuyatengeneza kadiri awezavyo. Bwana wetu naye alituagiza tuiache sadaka mbele ya altare, twende kwanza kupatana (Mt 5:23-24).

Walimu hao wanaongeza kuwa mwenye kosa akikataliwa arudi tena, hadi mara tatu. Nilihitaji zote tatu. Mara ya kwanza nilipomwambia, alichukua mtungi akaenda kuteka maji, na ilikuwa jioni. Mara ya pili akasema, "Nimesikia, baba," akaendelea na kazi. Mara ya tatu akaniuliza, "Mimi nililaumiwa wapi?" Nikasema, chini ya mti. "Mbele ya nani?" Mbele ya mama na ndugu zangu. Akasema, "Basi mimi si wa kuambiwa humu ndani peke yangu."

Akina baba, hapo ndipo pagumu. Kumwomba mke msamaha gizani tunaweza. Kumsafisha mahali alipochafuliwa, wazee wakisikia, ni kazi nyingine.

Wako wanandoa miongoni mwenu waliofiwa na mtoto, au waliopoteza kundi lote, na hakuna mwenye kosa kati yao. Wao nao wasikae kimya, kwa sababu asiyeambiwa "si wewe" hudhani ni yeye. Nanyi akina mama, ikiwa neno limekaa kwenu, msilipeleke kwa shoga kabla mwenye nyumba hajalisikia.

Jioni moja wiki hii, watoto wakishalala, someni mstari wa 1 hadi wa 17. Mume asome, kisha mke aseme kwanza. Asiyejua kusoma amwombe mwana mkubwa amsomee mchana.

Mimi nilikwenda chini ya mti siku ya Jumapili baada ya ibada. Nilisema yote, bei ya beberu nayo. Mama yangu mzazi hakunijibu. Aliinuka, akajikokota na fimbo yake hadi nyumbani kwetu, akaketi karibu na mke wangu mpaka jua likazama.